Bi Maoni na Gauni la Kukadiria

Mtoto wa marehemu dada yangu tunamwita Bi Maoni, na jina hilo hatukumwonea. Ana miaka ishirini na sita na anashona zipu iliyonyooka kuliko mimi niliyemfundisha. Lakini kila Ijumaa saa nne asubuhi cherehani yake inanyamaza. Ndiyo saa inayotoka sehemu mpya ya ile hadithi yao ya mapenzi ya kwenye simu, ya kuchorwa, unaisukuma kwa kidole inateremka kama kitambaa kinavyotoka kwenye jora. Akimaliza kusoma anaanza kazi ya pili, kuwaandikia wasomaji wenzake maoni yake, ulimi nje.

Hadithi yenyewe naijua hata bila kutaka. Kuna msichana muuza maua, kuna Mkurugenzi, kuna Mwoka Mikate. Mkurugenzi ana kidevu kama kona ya meza. Anamvuta msichana mkono, anampokonya simu, anamfukuzia marafiki, halafu mvua ikinyesha anasimama nje bila mwavuli na wasomaji wote wanalia. Mwoka Mikate yeye huuliza tu, "Umekula?" Basi huyo wanasema hana mvuto.

Mpiga pasi wetu, kapera wa miaka hamsini, yuko upande wa Mwoka Mikate.

"Unamtetea kwa sababu nyote wawili mmekosa wake, mjomba," Bi Maoni humwambia.

"Mwenzangu angalau ana mikate," hujibu mpiga pasi, pasi haisimami.

Sehemu ya arobaini na moja ndiyo iliyonipandisha presha. Mkurugenzi alimletea msichana gauni jekundu ndani ya boksi. Hakumpima, hakumuuliza. Likamkaa kama ngozi! Wasomaji wakapagawa. Bi Maoni akaandika: "Anayekupenda anaujua mwili wako kuliko unavyoujua mwenyewe." Akapata mioyo mia tisa. Nikampokonya simu nikaandika chini yake: "Mimi ni fundi mwaka wa ishirini na mbili. Bila futi ya kupimia, hilo gauni lingemkwama mabegani."

"Tazameni Mkurugenzi mwingine huyo," mpiga pasi akasema, "anapokonya watu simu."

Na mtu nisiyemjua akanijibu: "Bibi, rudi ukalale." Bibi! Mimi!

Ningecheka yakaisha, ila Bi Maoni alikuwa amechumbiwa. Mchumba ni muuza matairi wa barabara ya pili, kijana nadhifu, viatu vinang'aa, anapiga simu mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Asipopokelewa anakuja mwenyewe kuchungulia mlangoni. Alishamkataza kwenda kwa shoga yake aliyesoma naye. Niliposema, nikaambiwa, "Mama mdogo, huko ndiko kujali. Nyie wa zamani mlizoea kusahauliwa." Ndoa ilibakiza miezi miwili. Nikauma meno.

Jumanne iliyofuata Bi Maoni alikuwa ametoka kununua nyuzi, muuza matairi akaingia na kitambaa cheupe kizuri kweli.

"Mama, nishonee gauni la siku yenyewe. Vipimo ninavyo."

Akanipa karatasi. Kiuno inchi ishirini na nane. Cha mtoto wangu ni thelathini na mbili, kiko kwenye daftari.

"Umekosea, baba."

"Sijakosea. Atapungua. Na soma pale chini."

Chini aliandika: usiache kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Sasa hapa kwetu kila gauni linaachiwa inchi nzima kila upande, kwa ndani, mwili ukibadilika unafumua na kulipanua. Hata mteja mkorofi namwachia. Nikamuuliza kama anajua maana ya alichoandika.

"Najua, mama. Akijua linapanuka atajiachia. Akijua halina njia, atajibana." Akatabasamu, akaaga kwa heshima zote.

Bi Maoni aliporudi nikamkabidhi kitambaa na karatasi. Unajua alifanya nini? Alishangilia!

"Amenikadiria! Mjomba, ona, kama sehemu ya arobaini na moja!"

Nilitaka kumtwanga na rula. Badala yake nikamwambia, "Haya, mkasi huo. Likate mwenyewe."

Akatandika kitambaa, akachukua chaki, akachora kifua, akachora kiuno. Akasimama. Akapima tena. Akaisoma karatasi mpaka chini.

"Hili la kutoacha kitambaa labda hakujua maana yake."

"Nilimuuliza. Anajua."

Akampigia palepale, simu kaiweka spika, maana mikono ilikuwa na chaki.

"Mpenzi, kiuno hiki hakitanienea. Niache inchi ndani?"

"Nimesema zikatwe."

"Na nisipopungua?"

"Utapungua. Si wewe unayeandika kila siku unataka mwanamume anayejua anachotaka? Sasa unabishana nini? Kata."

Pasi ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona imesimama mchana. Bi Maoni aliiangalia ile simu kama zipu iliyong'oka meno.

"Huyu ndiye niliyemsifia nikapata mioyo mia tisa," akasema polepole, akakata simu.

Alilia siku mbili, sitadanganya. Alimtetea kidogo, akamlaani kidogo, akanilaumu mimi kwa kumpa karatasi. Alhamisi akaifuta chaki yote kwa brashi, akamwomba mpiga pasi akinyooshe kitambaa vizuri, akakikunja kizima kisichoguswa na mkasi. Pete akaitia katikati. Akakipeleka mwenyewe kwenye duka la matairi, nami nikasimama kwenye kona ya barabara nikijifanya nachagua nyanya. Alikuwa ndani dakika tatu. Alitoka anatembea haraka, mikono mitupu.

Ijumaa saa nne cherehani ikanyamaza. Sehemu ya arobaini na mbili, msichana kavaa lile gauni jekundu anacheza muziki na Mkurugenzi. Bi Maoni akaandika maneno mawili tu: "Alimpima lini?"

Wasomaji wakamshukia. Ana wivu, hajapendwa, bibi mwingine huyo. Mpaka jioni alikuwa na mioyo miwili, mmoja wa mpiga pasi, ambaye, kwa kuwa simu yake ni ya kubonyeza, tulimwazimia nyingine ili aweze kuutuma. Mwingine wangu.

Nikamwambia aache simu, kuna mteja anasubiri zipu.