Mume wa Filimbi

Jina alilopewa na wazazi wake sisi mafundi hatulitumii. Tunamwita Filimbi, na anaitika. Ni afisa usalama wa jengo letu la ghorofa tano, mwanamke mfupi mwenye buti zilizomzidi na jicho kali: mkanda ukilegea ghorofa ya nne, yeye anauona akiwa getini. Asubuhi anatukagua kama watoto wa chekechea: helmeti, buti, mkanda, ndoano. Ukisema umesahau, anakurudisha nyumbani. "Sahau ukiwa chini, shemeji," ananiambia. Ananiita shemeji kwa sababu mumewe ndiye fundi mwenzangu, na hakuna anayemfikia kwa kusimamisha kona za ukuta.

Sheria yake kubwa ni moja. Winchi ikiinua mzigo, anapuliza filimbi, na kila mtu anaganda alipo na kutazama juu mpaka apulize tena. Asiyeganda hapandi tena jukwaani.

Sasa dhambi yangu ni hii. Miezi minne nyuma masikio ya mume wa Filimbi yalianza kumwishia. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha. Fundi wa kona ukimweka chini achanganye udongo, umemzika. Kwa hiyo mimi nikawa masikio yake. Filimbi ikilia, namvuta shati. Mkewe huko chini anaona wanaume wawili wameganda vizuri, anaridhika.

"Na nyumbani je?" nilimuuliza siku moja, mdomo sikioni mwake.

"Nyumbani mume kutosikia si ugonjwa," alisema akicheka. "Ndiyo ndoa yenyewe."

Nikacheka na mimi, mjinga. Kumbe Filimbi alikuwa anaongea na mgongo wa mtu. Anaita kutoka jikoni, kimya. Anauliza ada ya mtoto, kimya. Mwishowe akanuna, akaacha kusema naye kabisa. Asubuhi moja, akikagua ndoano yangu bila kunitazama usoni, aliniuliza, "Shemeji, rafiki yako ana mwanamke mwingine?" Nilisema hana. Nilipaswa kusema zaidi, lakini nilikuwa nimeapa. Viapo vingine ni upuuzi mtupu.

Jumanne nilishuka kunywa maji. Nipo bombani, filimbi ikalia. Wote tukaganda. Winchi ilikuwa imebeba fungu la nondo, na juu kabisa mtu mmoja alikuwa anapaka udongo kwenye tofali kwa mwiko, taratibu, kama yuko peke yake duniani. Nondo zikayumba, zikapita karibu na kichwa chake, umbali wa mkono mmoja. Hakuinua hata uso.

Filimbi alisubiri zitue. Akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi pale bombani, mbali na shati la mumewe. Nikaona ameelewa. Akapanda ngazi mbio.

Alizunguka mpaka mbele yake ili amwone. Akasema kitu.

"Ee?" alisema mume.

Akasema tena.

"Ee?"

Na sisi watu arobaini bado tumeganda, kwa sababu alikuwa amesahau kupuliza mara ya pili.

"Nilidhani umenichoka!" alipiga kelele.

Jengo zima lilisikia. Hakuna aliyecheka, na sisi ni watu wa kucheka hata msibani.

Naye asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi. "Nikuchoke wewe?" akapaza. "Nilikuwa naogopa utanishusha!"

"Nakushusha! Leo hii hii!"

Miaka ishirini na sita ya kona. Mume aliitazama ile aliyokuwa akiisimamisha, imebakiza mistari miwili ya tofali. Akaipapasa kwa kiganja. Mimi machozi yalinitoka waziwazi, wala sioni haya kusema.

"Lakini nimekusikia," alisema mume kwa sauti ile ile. "Hawa wanaume nawasikia kidogo kidogo. Wewe, wiki tatu sasa nyumbani sikusikii hata neno. Nilidhani sauti yako ndiyo imeniishia ya kwanza."

Filimbi alimshika kola kwa mikono miwili, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Nilikuwa nimenuna tu!" alipiga kelele huku analia. "Nilikuwa nimenuna!"

Mume wake akamkabidhi mwiko.

"Basi nishushe," alisema.