Ng'ombe wa Dada na Rangi Nyekundu

Nyumba yetu ya Buhongwa imejengwa kwa ng'ombe. Baba alipopokea mahari ya dada yangu kule Magu, ndugu zake walimshauri awaache wazaane. Yeye akawauza, akanunua kiwanja kando kabisa ya barabara ya Shinyanga, akisema pesa hupita barabarani. Wageni wakija aliwatembeza: bati hizi ni yule dume mweusi, sakafu ni ndama wawili, na huu mlango wa chuma wa bluu ni mtamba aliyekuwa na baka jeupe. Dada akiwepo alicheka kila mlango ulipotajwa.

Baba alikuwa ameshafariki walipokuja watu wa upanuzi wa barabara na makopo ya rangi. Jirani wa nyuma walimchorea X ya kijani: barabara imemfuata, atalipwa fidia. Sisi tukachorewa nyekundu, ukutani hapo hapo kando ya mlango: sisi ndio tulioifuata barabara, kwa hiyo tubomoe wenyewe, kwa gharama zetu. Mama alidhani wamekosea kopo, akanituma niwakimbilie. Nikaenda, mjinga mimi, na risiti za kodi ya jengo mkononi. Mmoja wao alizitazama kwa upole, akasema mambo ya kodi ni ya idara nyingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila siku nachora X nyekundu kwenye madaftari, lakini mtoto ninamwandikia pembeni jibu sahihi. Sisi huu ni mwaka wa sita na hakuna aliyetuandikia kitu. Hawabomoi, hawafuti. Mnunuzi hasimami, benki haiitaki, mpangaji akiona rangi anageuza. Ila kila mwezi nikinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa kwanza. Siku ya kuchukua, serikali inaijua nyumba yetu vizuri sana. Zamani nilikasirika, nikaandika barua, nikazipeleka mwenyewe. Siku hizi nanunua umeme tu.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mpunga, dada alifika asubuhi na begi moja, jicho limevimba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alimweleza mama kwamba mume wake amezidi, safari hii ametumia mpini wa jembe, na kwamba harudi tena. Mama alilia naye, akamchemshia maji ya kuoga. Nilidhani yameisha, kwamba amefika nyumbani.

Jioni shemeji akapiga simu. Hakufoka. Alisema mke akitaka kubaki kwao, abaki, ila ng'ombe warudi wote kama desturi inavyotaka, na wasiporudi, watoto asahau. Nilimwambia dada twende polisi. Akaniuliza watoto watakula kwa nani siku hiyo baba yao akiwekwa ndani, na baadaye akitoka itakuwaje. Mshahara wangu wenyewe ulikuwa umeshaliwa na mkopo.

Siku tatu hakuna aliyelitaja jambo hilo. Tulikula, tukaosha vyombo, tukaongea habari za mvua. Ya nne, mama akalisema, macho yakiwa sakafuni, kwenye wale ndama wawili.

"Ningeuza nyumba, mwanangu, nikuludishie ng'ombe zako. Sasa nani atanunua nyumba ya balabala?"

Dada aliinuka, akaanza kukunja nguo zake. Mama akamwambia avumilie kidogo, pengine mwaka huu serikali itatufikiria. Nilitamani asingelisema hilo. Nilimchukia kwa muda mfupi, mama yangu mzazi, kisha nikajichukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza na kunyamaza kwangu kulisema hayo hayo.

Nilimbebea begi mpaka nje. Alisimama mbele ya ile X, rangi imefifia lakini inasomeka, kisha akaushika mlango wa bluu na kuukwangua kutu kwa kucha, taratibu, kana kwamba ana siku nzima.

"Wakija kubomoa," akasema, "nipigie simu kabla. Nataka mlango wangu."

Nilimwahidi. Sikuwa na kingine cha kumpa.