Magwanda Mapya ya Heshima

Ukuta mmoja tu ndio unaonitenganisha na Célestine. Akitwanga sombe, majani ya muhogo, Jumamosi asubuhi, mimi huku nasikia kinu. Yeye naye akisikia redio yangu imewashwa, hugonga ukuta kunijulisha kwamba chai imeiva. Majirani wengine wa hapa Alby, huku kwa Waswidi, walishawahi kulalamika juu ya kile kinu. Célestine akawapelekea bakuli la sombe kila mmoja, malalamiko yakaisha.

Ni mtu wa Uvira. Kwao alikuwa fundi cherehani, na hapa, ingawa kazi yake ni kutunza wazee, jioni hushona. Kanzu zote za kwaya yetu ni mkono wake. Mume wake, Firmin, huendesha lori la mizigo kwenda kaskazini, kwa hiyo siku nyingi nyumbani walikuwa wao wawili, yeye na binti yao Heshima.

Célestine alikuwa na sheria moja ambayo kila aliyeingia kwake aliijua: nguo ya madoadoa ya kijeshi haivuki kizingiti. Mwanangu Owen, alipokuwa mdogo, nilimnunulia mtumba, koti la namna hiyo. Alipokwenda kwao kucheza, Célestine alimpa uji, akambusu kichwani, lakini koti lilibaki limetundikwa nje kwenye kitasa cha mlango. Nilikasirika kidogo. Baadaye tukiwa chini kwenye chumba cha kufulia, tunakunja mashuka, nikamwuliza.

"Mama Owen," akasema, "kwetu walikuja wengi. Hawa wanatoka upande huu, wale upande ule, na wote walivaa zile zile. Ukiona majani yanatembea, unakimbia. Hauulizi ni majani ya nani."

Tuliendelea kukunja mashuka.

Basi fikiria siku ile Heshima, msichana wa miaka kumi na tisa, aliporudi kutoka kwenye vipimo vya jeshi akatangaza kwamba amechaguliwa, na kwamba amekubali kwa furaha. Hapa wasichana huitwa sawa na wavulana. Wengi huomba waachwe. Yeye aliomba achukuliwe.

Célestine hakupiga kelele. Alipika. Alipika siku nzima, ugali, samaki, maharage, ndizi, hadi mimi nikaitwa kusaidia kula. Heshima alimfuata jikoni, akimsemesha kwa Kiswidi kama kawaida yake, mama akijibu kwa Kiswahili.

"Huku si kama kule, Mamma. Huku kila mtu jina lake liko kifuani."

"Jina nilikupa mimi. Nalijua bila kulisoma."

Mwishowe walipatana. Heshima angekwenda, lakini magwanda yasifike nyumbani. Na msichana alilishika neno lake. Kila alipopewa likizo ya wikendi, alishuka stesheni kuu, akaingia chooni na begi lake, akatoka amevaa jinzi na sweta, ndipo akapanda treni ya laini nyekundu kuja kwetu. Majira ya baridi yote alifanya hivyo. Mama yake alimpokea mlangoni, akamshika mashavu, akamlisha, wala hakuna aliyetaja kilichokuwamo ndani ya begi. Nilidhani mambo yatakwisha hivyo hivyo, mpaka amalize jeshi.

Kumbe kambi ilikuwa na siku ya familia. Ilikuwa mwezi wa tano. Firmin alikuwa safarini, kwa hiyo nikampeleka Célestine kwa gari langu. Alivaa kitenge cha njano na zambarau kinachoonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. "Ili mutoto anione," alisema. Mapajani alishikilia sufuria ya mandazi iliyofungwa kwa kanga. Tulipolikaribia geti na kumwona mlinzi wa kwanza, alifumba macho, akayafumbua tulipokwisha kuegesha gari.

Heshima hakuja kutupokea. Badala yake kapteni mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe, aliwakusanya wazazi wote kwenye barabara ya changarawe kando ya uwanda. Mbele yetu palikuwa na nyasi ndefu za mwaka jana, zimekauka na kuwa njano. Nyuma ya nyasi, msitu mweusi wa misonobari. Kapteni akaeleza kwamba kikosi chao kimepewa sare mpya kuzijaribu. Wanajeshi nusu wamevaa zile za zamani, nusu wamevaa mpya, na wote wamejificha mbele yetu. Kazi yetu ni kuwatafuta kwa macho na kuwaonyesha kwa kidole.

Wazazi wakafurahi kama watoto. Baba mmoja alikuja na darubini. Sare za zamani, zenye mabaka makubwa ya kijani kibichi, zilikamatwa upesi kwenye nyasi. Ulimwona mtu kama kisiki kilichosahauliwa shambani. Lakini chini ya misonobari mambo yaligeuka. Kule wale wa zamani walimezwa na kivuli, na wale wa mpya, wenye madoa madogo ya kahawia na ya rangi ya mchanga, ndio waliong'aa. Kila aliyepatikana alisimama akicheka, akapigiwa makofi, akaenda kukumbatiwa na watu wake.

Célestine hakuonyesha hata mmoja. Alikuwa amenishika mkono wa koti, na kila majani yalipoinuka yakawa mtu, vidole vyake vilinibana.

"Amebaki mmoja," kapteni akasema.

Tuliangalia. Baba wa darubini aliangalia hadi akachoka. Heshima hakuonekana popote.

Nikaona Célestine ameniachia mkono. Alishuka barabarani akaingia nyasini na kitenge chake, umande ukimlowesha miguu, akiita, "Heshima! Heshima, eh!" Mara ya kwanza aliita kama mtu anayeita mtoto aje kula. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine kabisa. Watu waliacha kucheka. Kapteni alianza kumfuata, kisha akasimama. Célestine akageuka kulia, akageuka kushoto, mikono kichwani, katikati ya uwanda mtupu.

Ndipo nyasi za miguuni pake zikazungumza, taratibu, kwa Kiswidi. "*Mamma. Jag är här. Du står på min ärm.*" Mama, niko hapa. Umenikanyaga mkono wa nguo.

Célestine alianguka magoti. Alimvuta binti yake kutoka ardhini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamkumbatia, akampiga tena, analia na kucheka kwa pamoja, na Heshima, uso umepakwa rangi ya tope, akimwambia, "Samahani Maman, samahani, samahani," safari hii kwa Kiswahili. Mimi na kapteni tulitazama pembeni.

Walikaa pale nyasini muda mrefu. Nilipowafikia, Célestine alikuwa bado ameshika ile nguo kwa ngumi mbili. Sidhani hata alijua anashika nini. Halafu ngumi zikalegea, na kidole gumba kikaanza kusugua kitambaa, kikapita juu ya mshono wa bega, kikageuza pindo kuangalia upande wa ndani. Ilikuwa mikono ya fundi cherehani inafanya kazi bila kumwuliza mwenyewe.

"Nyepesi," akasema.

"Nyepesi sana," Heshima akamjibu. "Ile ya zamani ikilowa unabeba kondoo mzima. Hii inakaukia mwilini ukiwa unatembea."

"Na baridi?"

"Baridi inapita. Lazima uvae nguo nyingi ndani. Na ile ya zamani ilikuwa ngumu, hata ukipita kwenye miiba. Hii nimeshaichana hapa, ona, kwenye waya."

Célestine aliona. Aliangalia ule mchano kama daktari anavyoangalia kidonda, kisha akaona kitu kingine. Suruali ilikuwa imekunjwakunjwa juu ya buti, tabaka juu ya tabaka. Heshima ni mfupi kama mama yake.

"Walikupa ya nani hii?"

"Ya wanawake bado haijafika yote. Lakini kiunoni ni nzuri kuliko zamani, Maman. Zamani nilifunga kwa kamba."

Tukahamia kwenye meza za chakula, na mandazi yakafunguliwa. Wenzake Heshima wakaja kuyafuata, miongoni mwao msichana aitwaye Tracy, mama yake Mkenya wa Hässelby, na kila mmoja akawa na lake la kusema juu ya sare mpya. Mifuko imehamishiwa mikononi na mapajani, kwa hiyo ukivaa fulana ya vyuma ya kuzuia risasi bado unaifikia mifuko. Hilo ni jema. Lakini mifuko hiyo hufungwa kwa ule utepe wa kunata, na ukiufungua unalia krrrap! Tracy mwenyewe aliwahi kutaka biskuti wakiwa mafichoni, na kwa biskuti moja kikosi kizima kikakamatwa.

"Waweke vifungo," Célestine akasema. "Kifungo hakipigi kelele."

"Tuliwaambia hivyo, Mama," Tracy akasema. "Lakini ukivaa glavu nene, kifungo hakishikiki."

Célestine akafikiri, akajaribu vidole vyake hewani kama mwenye glavu, akatikisa kichwa. Ni kweli. Nilimwona jambo hilo limempendeza, kama fumbo la ushonaji la kwenda nalo nyumbani.

Vijana walipoondoka kwenda kupanga vyombo vyao, tukabaki watatu. Célestine alimpangusa binti yake rangi ya shavuni kwa ncha ya kanga.

"Mimi niko na shida moja tu na hii nguo," akasema. "Nilisimama juu yako. Juu yako, Heshima, na sikukuona. Nguo ambayo inamficha mutoto kwa mama yake, mutaniambia ni muzuri?"

Heshima alichukua ule mkono wenye kanga akaushusha mezani, akaushikilia.

"Maman, kama wewe hukuniona, nani mwingine ataniona?"

Célestine alitazama sufuria tupu. Nilifikiri atalia tena. Badala yake alisema, "Hiyo suruali utaanguka nayo. Siku ukija, kuja nayo."

"Haturuhusiwi kukata."

"Nani amesema nitakata? Nitapinda kwa mkono. Wakiitaka, utafumua uzi, wataipata kama walivyokupa."

Hivyo ndivyo nguo ya madoadoa ilivyovuka kile kizingiti, ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwapo Célestine alipoitandaza kwenye meza ya kulia chakula. Alikaa nayo kitambo bila kuigusa. Kisha akavaa miwani, akatunga uzi, akapinda mguu wa kwanza, na alipofika wa pili alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Mchano wa waya aliushona kwa nyuzi za rangi tatu, akifuatisha madoa, hata mimi sikuuona tena.

Wiki chache baadaye Heshima alipiga simu kutoka stesheni kuu. Nilikuwa kwa mama yake, tunachambua maharage. Foleni ya chooni ilikuwa ndefu, alisema, na akisubiri atakosa treni.

Célestine alisugua haragwe moja kati ya vidole. "Kuja hivyo hivyo," akasema, akakata simu, kisha akaenda kuvaa viatu. "Mama Owen, twende tukamupokee. Asipite peke yake."

Heshima alitoka kwenye mlango wa stesheni ya Alby na begi begani, amevaa magwanda, akatembea kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Célestine alimshika mkono tukaanza kuvuka uwanja. Ndipo Maombi akatoka dukani na pakiti mbili za maziwa. Maombi ni wa kwaya yetu, amefika kutoka Fizi si zamani. Aliiona ile nguo. Maziwa yalianguka, naye akageuka akaondoka kwa kasi, amejikunyata, akishika ukutani.

Heshima alibaki amesimama. "Tantine," akaniambia mimi, shangazi yake wa ujirani, "nivue?"

Hakungoja jibu. Alivua koti akabaki na fulana ya kijivu, upepo ukimpiga. Mama yake alikuwa keshaondoka, anamkimbilia Maombi na kitenge amekishika juu ya magoti. Alimfikia karibu na kona. Hakumvuta. Alisimama naye tu, bega kwa bega, akimwambia maneno ambayo hatukuyasikia, na walisimama hivyo kitambo kirefu, mpaka Maombi akainua kichwa.

Waliporudi, Maombi alimtazama Heshima toka chini hadi juu, macho yakiiruka ile suruali. "Umekonda," akasema. "Hawakulishi?"

"Wananilisha, Tantine. Lakini si kama nyumbani."

Célestine alimwona binti yake anavyotetemeka, akamtupia kanga yake mabegani. Koti akalichukua yeye, akalitazama, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maziwa ya Maombi ya kuokota na kubeba, akalivaa. Lilimbana. Zipu haikufika hata nusu ya kifua, na kitenge cha zambarau kikatokeza chini yake kama sketi ya arusi.

"Hii," akasema, "haifichi kitu hata kidogo."

Maombi aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka, akacheka hadi akanishikilia mimi, na tukapanda ngazi wote wanne kwenda kula.