Maswali ya Mlango wa Nyuma

Dorothée ameuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, miaka arobaini na miwili. Alianzia Gatumba, beseni kichwani, kabla hawa wanaomwita Mama hawajaota meno. Maji yalipomfukuza huko akahamia Gihosha kwa mwanawe, na biashara yake akaja nayo. Shule aliishia darasa la sita. Lakini mwekee ndagala kiganjani, macho ameyafumba, atakuambia ilikaushwa juu ya mchanga au juu ya wavu, na kama iliwahi kuonja mvua.

Wachuuzi wana grupu yao ya WhatsApp, watu mia mbili na ushee, wauzaji na wanunuzi humo humo. Msimamizi wake, Amandine, alitangaza kwamba atakayejibu maswali magumu mengi kuliko wote atapewa kitenge mwisho wa mwezi, na jina lake litasomwa mbele ya wote. Vitenge Dorothée anavyo, sanduku halifungi. Jina ndilo alilolitaka. Miaka yote hiyo hakuna aliyelitaja hadharani.

Mwezi ukaisha, kitenge akapewa Huguette. Na Huguette alijibu nini? Kama mpaka umefunguliwa. Kama soko lina watu leo. Basi! Watu wakamwekea madole gumba mia moja na kumi na mawili. Ya Dorothée yalikuwa matatu.

Si kwamba hakujibu. Alijibu mpaka koo likamkauka. Ila maswali magumu hayapiti mlango wa mbele. Mchuuzi gani ataandika mbele ya wateja wake kwamba ndagala zake zina wadudu? Walimjia kwa siri, mmoja mmoja: "Mama, zimeanza kunuka, nifanye je? Lakini usiseme kule." Naye hakusema. Angewataja ili ashinde, angewavunjia biashara, na hilo moyo wake ulilikataa.

Siku ya tatu baada ya kitenge kutolewa, Amandine mwenyewe akampigia, sauti chini.

"Mama Dorothée, mvua imenikuta njiani. Magunia matatu. Nikiingiza mukono ndani, ni moto!"

"Uliza kule."

"Kule wapi, Mama?"

"Kule munakogawa vitenge."

"Mama we! Kule kuna wateja yangu!"

"Na Huguette yuko kule. Mutu wa maswali magumu. Atakujibu."

"Apana, Mama, usinicheke. Mi nilihesabu madole tu, sikujua..."

"Ulijua. Mwezi wa pili uliniuliza ya wadudu. Nani alikujibu, dole?"

Dorothée akakata simu. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Gunia lenye moto ndani haliwezi kungoja hasira ya mtu ipoe. Ikifika jioni lingekuwa uji. Mara tatu alilitafuta jina la Amandine apige, mara tatu akaiweka simu. Samaki wana kosa gani? Lakini na yeye je, ana kosa gani?

Saa tisa ujumbe ukatokea kwenye grupu, wa Amandine: "Kuna rafiki yangu magunia yake matatu yamenyeshewa. Afanye nini?"

"Rafiki!" Dorothée akasonya. Hata hivyo akabonyeza, akatuma ujumbe wa sauti: "Mwambie huyo rafiki afungue magunia sasa hivi, asingoje jua. Ndagala azitandaze nyembamba juu ya wavu, hata ndani ya nyumba, na azigeuze kila mara. Zilizolainika na kuchachuka azitupe, asimlishe mutu. Ni Dorothée anayejibu."

Akangoja. Madole manne, moja la Huguette.

Kisha simu ikaanza kutetemeka, lakini si kwenye grupu. "Asante Mama, na mi nina rafiki..." "Mama, na zenye wadudu? Ni za jirani." Jua linazama walikuwa kumi na saba, Amandine akiwa wa kwanza, akiomba radhi na kuuliza kama usiku pia ageuze.

Dorothée aliwaandikia wote neno moja, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: Kule.

Hakwenda hata mmoja.