Tunakwenda kwa Nani?

Mama yangu hajui kutembea bila kufika kwa mtu. Kwao Tanga ukisema unakwenda kutembea, unaulizwa kwa nani, na mkono mtupu haulambwi. Basi kosa lilikuwa langu, niliyemwambia, "Mama, kesho tunakwenda kutembea."

Tulikuwa Uingereza wiki moja, kwa dada yangu, tukitokea Toronto. Safari yenyewe ilikuwa hila. Mama alikuwa ameishi nami miaka minne, ghorofa ya kumi na saba pale St. James Town, na tangu baridi iishe alikuwa na wimbo mmoja: nikatie tiketi nirudi nyumbani, hapa hakuna mtu wa kumtembelea. Nilitumaini njia ya kale ya vilimani, ambayo dada aliisifu sana, ingemsahaulisha. Asubuhi nikamkuta jikoni kashajaza maandazi kwenye hotpoti.

"Tunakwenda kwa nani?" akauliza.

Mtu mwema angesema ukweli. Mimi nikasema, "Kwa bibi mmoja, huko mbele."

Njia ile, kwa maneno ya dada, ilikanyagwa hata kabla chuma hakijajulikana kule. Ni nyeupe kwa chokaa, na haina haya: inakatiza mashamba ya watu, na sheria inaruhusu. Mama hakujali sheria. Kila lango alisimama, akaita "Hodi!" kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu, akangoja. Kondoo waliitika. "Wamesema karibu," akasema, akapita.

Hotpoti nilibeba mimi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita kumi na moja. Yule bibi ana watoto? Wawili, wako mbali. Mzima? Goti linamsumbua. Kufika lango la tano nilikuwa nimeshampa ng'ombe mmoja na marehemu mume aliyekuwa fundi saa. "Maskini, peke yake," mama akasema, akaongeza mwendo. Hapo nikaona aibu ya kweli, maana huko mbele hapakuwa na bibi, palikuwa na kituo cha basi.

Njia ikashuka kijijini. Mama akasimama mbele ya nyumba ya kwanza, yenye mlango wa kijani, akafunga kanga yake vizuri.

"Mwongo wewe," akasema, bila hasira. "Nimekuzaa, nakujua. Tangu lango la pili nilijua. Haya, bisha hodi kwa bibi yako."

"Mama!"

"Bisha."

Nikabisha. Akatoka mzee wa kiume, soksi tupu, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Nikababaika kumweleza kwamba mama yangu amekuja kumtembelea. Akauliza kama tumepotea. Mama akafunua hotpoti, harufu ya iliki ikampiga mzee puani, na kesi ikaishia hapo. Tulikaa saa nzima, tukanywa chai iliyomiminiwa maziwa baridi, dhambi ambayo mama aliisamehe palepale. Hawakuelewana neno, walionyeshana picha za wajukuu kwenye simu. Tulipoaga, mzee alimsindikiza mama mpaka barabarani. Miaka minne Toronto, hakuna aliyewahi kumsindikiza.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani Toronto, nikamsikia akiwasimulia wenzake habari za mwenyeji wetu: bibi mmoja wa Kiingereza, goti bovu, ng'ombe mmoja, mume marehemu fundi saa.

"Muulizeni mwanangu," akasema, akinikazia macho. Nikashuhudia. Ningefanyaje?

Habari ya tiketi hakuigusa, nami niliogopa kuuliza. Jumamosi nikaamshwa na harufu ya iliki. Mama alikuwa kasimama sebuleni, kanga mpya, hotpoti imejaa.

"Vaa viatu. Tunakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye mlango unaotazamana na wetu, ambao miaka yote hiyo tuliujua kwa namba tu.

"Kwa bibi mmoja," akasema. "Huko mbele."

Nikabeba hotpoti.