Ruhusa ya Msafiri

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, enzi zile bandari ya Mtwara ndiyo kwanza inajengwa, nilipoanguka kwenye shamba la muhogo la watu nisiowajua, na bibi yangu mzaa baba amesimama juu yangu ananisema. Nimeikumbuka leo, mwanangu, kwa sababu ni Ramadhani tena na nimekuona unafunga begi lako la safari. Mashati matano, viatu jozi mbili, na hakuna hata chupa ya maji. Kaa kidogo nikwambie.

Tulikuwa tunaishi Mikindani. Mama yako alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni, na mama yako aliapa hatazaa tena mikononi mwa mtu mwingine ila Bibi. Bibi alikuwa mkunga, na kijiji chake kilikuwa kando ya Ruvuma, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nikasema nitakwenda kumchukua.

Wazee wa barazani wakanikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula, siku zake atazilipa baadaye. Nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mimi nitafunga kwenda na kurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilipenda mno kusifiwa. Sitakuficha, sikuwa nafunga kwa ajili ya Mungu peke yake.

Nilifika kwa Bibi midomo imepasuka. Nikamweleza nilichofuata. Kesho yake tukatoka kabla ya alfajiri, yeye na fimbo yake, mimi nimebeba mkoba wake wa ukunga wenye wembe mpya, vitambaa safi na mafuta ya nazi.

Ungemwona mwanamke yule akitembea! Hakuharakisha hata hatua moja. Jua likipanda alikunywa maji kidogo kidogo kwenye kibuyu, akatafuna muhogo wa kuchoma, na kila tulipofika kijiji alikaa, akaweka miguu juu ya gogo, akajikanda kwa mafuta mpaka akaridhika. Mimi nilisimama pembeni nimenuna, naona anapoteza wakati. Tena niliona haya. Watu tuliopishana nao walikuwa wamefunga, na bibi yangu anatafuna hadharani. Nikaanza kumtangulia, hatua ishirini, thelathini, nionekane natembea peke yangu.

"Mume wangu leo ananikimbia," alinitania kutoka nyuma. Nikaongeza mwendo.

Siku ya pili, adhuhuri, nguvu zikaniishia. Nilitapika nyongo, nikaona giza, nikaanguka. Mwenye shamba na mkewe wakaja mbio. Bibi akanitilia maji mdomoni, nami nikageuza uso. Hapo ndipo aliponisema.

"Meza. Mungu amekupa ruhusa, wewe umemrudishia kama mboga iliyokosa chumvi. Unajiona nani? Mkeo hangojei saumu yako, anangoja mikono yangu. Wewe kazi yako ilikuwa kunibebea mkoba tu, na hata huo umekushinda."

Akauvua mkoba begani mwangu, akauvaa yeye. Akawaomba wale wenyeji wanipe uji na wasiniache niondoke mpaka asubuhi. Nilimsihi anisubiri.

"Mtoto hatanisubiri mimi," akasema, akaenda zake. Nilimtazama akipotea kwenye njia ya mchanga, kwa mwendo wake uleule, huku anatafuna. Nililia, mwanangu. Nililia kwa aibu na kwa kumhofia mama yako.

Asubuhi nilikula nikashiba, nikajaza kibuyu, nikatembea kama nilivyomwona Bibi akitembea, nikikaa kila nilipochoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia, maana moyo wangu wote ulikuwa Mikindani. Lakini nilijiapiza kwamba nitafika, na nitafika nimesimama.

Alasiri nikatokea barazani. Mzee mmoja akainuka aliponiona. "Kijana wetu huyo. Amefunga safari nzima."

Sikujua kama mke wangu yu hai. Hata hivyo nilisimama nikamjibu, "Saumu ilinishinda, mzee. Nilianguka njiani, Bibi akaniacha."

Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Ingia ndani," mzee akasema. "Bibi yako amefika tangu jana jioni."

Mlangoni nikasikia mtoto analia. Bibi akaniambia kazaliwa alfajiri, kitovu kimemzonga shingoni mara mbili, na yeye ndiye aliyemzongoa. Mama yako alikuwa amelala ubavu, mzima. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Mikono ilikuwa inatetemeka. Bibi akaitazama, akamrudisha mtoto kifuani kwake, akanisukumia bakuli la uji.

"Kunywa umalize. Ndipo nikupe."

Na mama yako, pamoja na uchovu wote ule, akacheka.

Mtoto yule ni dada yako Zuhura, huyo unayekwenda kumuuguza kesho. Kwa hiyo nisikilize. Kula kabla njaa haijakushika. Kunywa maji hata kama jirani yako kwenye basi hanywi. Basi likisimama, shuka, nyoosha miguu, tembea kidogo, na usione haya kupumzika mbele ya watu wenye haraka. Umepewa ruhusa, itumie. Deni la saumu utalilipa ukiwa nyumbani, kama nilivyolilipa mimi. Dada yako hangojei kusikia ulivyoteseka njiani. Anangoja mtu mwenye nguvu za kumwinua kitandani.

Sasa fungua begi hilo, toa viatu jozi moja, utie maji na muhogo huu niliokuchomea. Mungu akutangulie njiani, aitie nguvu miguu yako, akufikishe kwa Zuhura ukiwa mzima na mikono yako imetulia. Amina.