Laini Iliyokatika Kila Alasiri

Kiwanda nilikokuwa fundi kilipobinafsishwa, tulipunguzwa wengi. Nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya utafiti wa mbegu kule Bigwa, nje ya mji, chini ya mlima. Ilikuwa na kompyuta moja iliyopokea barua pepe kwa njia ya simu, na laini ilikatika mno. Wote walisema ndivyo simu zilivyo. Mimi nilitaka kujua inakatika saa ngapi.

Kompyuta iliandika kila tukio kwenye faili la kumbukumbu, mistari isiyo na mwisho. Nilikuwa najifunza C, lugha ya kuandikia programu, kwa kitabu cha kuazima, nikaamua kuandika programu ya kulisoma. Uchambuzi wenyewe niliiachia maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizokwisha andikwa na wengine, niliyopewa kwenye disketi. Kila nikiiendesha, programu inakufa kwenye mstari wa kwanza. Siku tatu nilitafuta kosa ndani ya faili.

Mkuu wangu, dada aliyesomea kompyuta, akavuta kiti akasoma programu yangu.

“Unaipa maktaba mistari,” akasema, “lakini hujaiandaa. Haina hata pa kuiweka hiyo mistari.”

Akanielekeza: kwanza niiite amri ya kuianzisha maktaba, nihakikishe imenirudishia kitu na si tupu, kisha niipakie kanuni za kuusoma mstari. Ndipo niilishe faili. Niliona aibu, nikaisahau upesi, maana saa za laini kukatika zilianza kujitokeza kwenye skrini. Karibu zote zilikuwa za alasiri, wakati upepo unapovuma kutoka mlimani.

Kesho yake mimi na mkuu wangu tukaufuata waya wa simu kwa miguu kuelekea mjini. Nyuma ya nyumba moja tukakuta kichaka cha mianzi kimeulalia, pale pale ulipoungwa. Tukamwamkia bibi mwenye nyumba, tukamweleza shida yetu.

“Huo waya hulia kila upepo ukija,” akatuambia. “Nilidhani ndio watu wanaongea humo.”

Alituruhusu kukata mianzi, akaichukua ya kujengea banda la mbuzi. Mafundi wa simu wakaja kuunga upya. Alasiri zikatulia. Zilibaki nyakati chache laini ilipokatika asubuhi, hewa ikiwa shwari kabisa. Hizo nilizichapa kwenye karatasi, nikazitazama kwa miezi, na sababu yake sikuijua.